Kukabidhi Jiko

Khasandi, mkoba weka chini, usiuweke juu ya jiwe.
Una vifungo vya chuma. Umeona?
Somo la kwanza limekwisha.

Hii nyeupe ni marumaru. Ilikuja kwa meli, kisha kwa lori
lililokwama Mamboleo siku mbili kwenye tope,
na mpaka leo Daktari huitaja bei yake
kwa sauti ya chini, kama anayetaja marehemu.
Ile nyeusi kando ya sinki ni matale, ina roho ngumu.
Nyeupe hula kila kitu, halafu huugua.

Ndimu usikatie hapa. Siki, nyanya, ukwaju, hata maziwa lala,
vyote vina meno.
Sufi ya chuma nilishaitupa.
Kitambaa chororo, maji vuguvugu, sabuni tone moja,
na ukaushe papo hapo.
Sufuria ya ugali ikitoka motoni ina ngata yake, ile ya kitenge.

Kila mwezi, jioni, dondosha matone matatu ya maji.
Yakisimama kama ushanga, nenda kalale.
Yakizama, jiwe likaiva rangi, lina kiu:
mwite Ogeto wa Tabaka aje na dawa yake,
aipake, asubiri, aifute kabla haijaganda.

Sogea dirishani. Inama, nuru ikujie kwa ubavu.
Hapo. Duara, upana wa nusu ndimu.
Ni mimi.
Jumapili ya mbuta, wageni kumi na wanne.
Nilisugua mpaka saa sita usiku.
Kesho yake Ogeto akacheka: “Unafuta nini, mama?
Huo si uchafu. Hapo ni mahali jiwe limeondoka.”

Daktari hajaliona. Au ameliona, miaka minane sasa,
na kila asubuhi hutua kikombe chake juu yake, sawasawa.
Sijui. Sikuuliza.

Kwetu Ugenya, jiwe la mama la kusagia mtama
lilikuwa na bonde la kutosha kulaza mtoto.
Likilainika aliligonga kwa jiwe dogo,
tu, tu, tu, mpaka likaota meno upya.
Nilipozaliwa lilikuwa limekwisha nusu.
Nusu ile tuliila, na unga wake.

Haya. Ufunguo wa stoo huu.
Kitambaa cha kijani ni cha jiwe, usikifutie vyombo.
Na asubuhi, ukikuta kikombe juu ya duara,
pangusa ukikizunguka.