Alama ya Sita

Tartu, Februari. Barafu imechora
mifupa ya samaki kwenye kioo cha dirisha.
Tuuli Kerge amebaki peke yake na hamira.
Saa nane na robo usiku,
kahawa yake ya maziwa imeota utando.

Chini ya lenzi seli moja imenuna.
Imekomaa, imeshiba sukari, ina kila sababu
ya kuwa mbili. Haiwi.
Mlangoni imeketi protini moja, bawabu mkaidi,
hapokei hongo, hajui hodi.

Kimeng'enya kinamjia na fosfeti,
kinambandika moja begani. Kimya.
Ya pili. Ya tatu, karibu na mbavu.
Haba na haba, ndiyo,
ila kibaba hiki hakijai kwa tano.
Tano ni manyunyu. Tano ni mzaha.
Ikitua ya sita
bawabu anageuka kidogo,
kama mtu aliyesikia jina lake sokoni,
na papo hapo anavishwa mkufu wa ubikwitini,
anapelekwa kwenye pipa lisagalo.
Mlango wazi. Nyuzi za urithi zinaanza kunakiliwa.

Tuuli anaandika: dakika ya arobaini na moja.
Kalamu inasita.

Bibi yake, Leida, naye alitiwa alama:
kistari cha penseli kando ya jina
katika orodha ya karani asiyemjua.
Machi, theluji ikiyeyuka, behewa la ng'ombe,
mashariki, miaka minane.
Kistari. Hata wino haukupotezwa.

Aliwahi kumgusia Profesa Ojasoo jambo hili.
Akajibiwa: kemia haina kinyongo.

Kweli haina. Mgawanyiko ukikaribia mwisho
huja kimeng'enya kingine, kazi yake kufuta.
Hupita huku na huku kikibandua fosfeti,
hakisubiri barua wala sahihi,
na bawabu mpya, asiye na doa, huketi mlangoni.
Hapo ndipo panapomuuma Tuuli.
Si kule kubandikwa. Kule kufutwa.
Leida alirudi na sikio lililoliwa na baridi,
akaoka mkate mweusi mpaka alipokufa,
na kistari chake bado kipo, ghala la nyaraka,
rafu ya tatu kutoka chini.
Tuuli amekiona. Hakizidi punje ya shayiri.

Chini ya lenzi chipukizi limetoka ubavuni,
donge dogo, linavimba.
Mama na mwana wanashikana
kwa shingo nyembamba.

Anainuka kupasha kahawa.
Akirudi wameshaachana,
na muda haukuandikwa.