Sili

Nandonde kaleta pikapu alfajiri,
ghala la korosho halijafunguliwa.
"Sili ya krenki inavuja, fundi. Leo hii iishe."
Mwaka mzima namwambia.
Mwaka mzima anajaziliza tu:
lita moja Masasi, nusu lita Ndanda.

Nikalala juu ya boksi, nikashusha giaboksi,
nikafuta kwa petroli mpaka chuma kikakumbuka rangi yake.
Sili imekauka kama ganda la korosho,
mdomo umechanika upande mmoja,
upana wa ukucha.

Nje, watoto wa shule wanafuata matone
kutoka kwake Mkuti
mpaka barazani kwa Bi Somoe,
pale mchanga una duara jeusi, pana,
la gari lililolala.
Jana mkewe kapita na ndala zake,
hana haraka, anahesabu.

Sili mpya nimeigonga kwa kipande cha mninga,
kidogo huku, kidogo kule.
Nimewasha. Nimetandika gazeti chini.
Gazeti kavu.

"Imeziba?" Macho yake yako barabarani.

Hii, ndiyo.
Ile nyingine, kaka —
huku kwetu ulimi unazitamka sawa,
lakini spana yake sina.