Mkono wa Tano

Saa saba na robo, maabara, Tudor.
Feni ya dari imekata tamaa tangu Machi
na hewa yetu hii, mbichi,
yapenya hata vizibo vya kioo.
Funga chupa, Shekue, nikamwambia.
Miaka ishirini na miwili nafuta unyevu humu
na haujaisha.

Akanipa daftari lake.
Palipotakiwa jedwali ameandika:

    Zinki yashika mikono
    minne kwa mapatano,
    lakini hutaka tano:
    huazima kwa jirani.

Mwalimu wako atakufyeka alama, nikasema,
nikacheka, kwa sababu ni kweli.

Chini ya hadubini, fuwele:
manjano, nyembamba kama kucha zilizokatwa.
Humo hamna zinki iliyo peke yake.
Kila moja ina naitrojeni zake mbili, oksijeni zake mbili,
na bado yanyosha mkono juu ya ukuta
ishike oksijeni ya mwenziwe;
na mwenziwe vivyo hivyo,
kama milango miwili ya Kibokoni inayotazamana,
huyu aomba ndimu, yule aomba kaa la moto,
hata hujui tena jiko ni la nani.

"Na ukiziyeyusha?"
"Inategemea wapi."
Katika klorofomu haziachani.
Jicho laona maji ya manjano, basi,
lasema kila mtu kashika njia yake.
Kumbe ni watu wa matanga:
mkeka umekunjwa, vikombe vimeoshwa,
na wawili wawili wangali barazani.

Tukazima taa, tukawasha ile ya urujuanimno.
Chupa ikatoa mwanga haba,
wa mtu aliyeombwa kusimama mbele za watu.
Shekue akadondosha piridini.
Tone moja. Harufu ya ngisi aliyesahaulika mfukoni.
La pili.
Na kila zinki ikapata mgeni wake wa tano,
ikauachilia mkono wa jirani,
na chupa nzima ikawaka kijani
hata nikaona chunusi za kijana kidevuni.

"Ona!" akapiga kofi. "Ona zinavyong'aa zikiachana!"

Mimi nilikuwa Makadara,
kitanda kimoja cha kamba, mimi na Zuena,
kitana kimoja, deni moja dukani kwa Mzee Sharrif,
mpaka alipokuja yule wa Muskati, mpole, na masanduku yake.
Picha anazoleta sasa zang'aa.
Sijamwambia kwamba bado nalala upande wa ukutani.

"Ikikauka," nikamuuliza, "zitashikana tena?"
Akakuna shingo.
"Piridini ikiondoka, huenda. Ikikaa humo,
sijui. Tuache mpaka Jumatatu."

Nikaandika lebo: tarehe, jina lake, uzito.
Pakabaki nafasi kidogo chini.
Nikaongeza kwa kalamu ya risasi:
msiitikise.