Kwanza Isimame

Niliinunua kwa masista wa Bagira, dola themanini na debe la maharagwe,
moto kuukuu ya rangi ya chai iliyopoa.
Miaka tisa ililala nyuma ya jiko lao,
kuku akitagia chini ya tangi.

Huku kwetu hatusemi pikipiki. Twasema moto.
Basi moto yangu haikuwa na moto,
na majirani walilicheka neno hilo kabla hawajaniona
nikiisukuma hadi Kadutu, mgongo umelowa,
mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwalimu wa hesabu,
asiyejua hata baiskeli.

Fundi Zihindula aliizunguka mara mbili, mikono nyuma,
kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.
Hakuuliza inakimbia kiasi gani.
Alikanyaga breki. Ikazama kama mguu kwenye tope.
"Kwanza isimame," alisema. "Kwenda, mwalimu,
kila kitu Bukavu kinajua kwenda.
Nyumba zinakwenda. Uliona mvua ya mwezi wa nne,
jiko la Mama Nsimire lilivyoshuka na sufuria zake
mpaka uani kwa mtu asiyemjua.
Kusimama ndiko kunakonunuliwa."

Tukanunua viatu vya breki, jozi mbili.
Vyangu vya Pasaka vikangoja.

Jumamosi baada ya Jumamosi nilikaa juu ya kreti la bia
nikijifunza majina kwa vidole.
Ndani ya chujio la hewa tulikuta kiota cha panya
kilichofumwa kwa kurasa za katekisimu:
*Mungu ni nani?* na jibu limetafunwa.
Zihindula alikisogeza pembeni kizima kizima, hakukitupa.
Kabureta tuliichemsha kwa ndimu katika sufuria yangu;
naapa sombe yangu bado inanukia petroli.
Mnyororo ukikunjwa haukunjuki,
goti la baba yangu mtupu.

Siku ya plagi aliniita karibu.
Akaichomeka kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini.
"Kanyaga."
Nikakanyaga. Hakuna.
Nikakanyaga. Hakuna.
Mara ya kumi na moja
cheche ya buluu,
ndogo kama jino la kwanza la mtoto.
Nilipiga kelele, muuza makaa akadhani nimeungua.

Haikuwaka siku hiyo, lakini. Wala Jumamosi iliyofuata.
Dada yangu alisema: hela hiyo
ungepanda moto za watu mwaka mzima.
Nilipiga hesabu usiku, kwa chaki, sakafuni.
Alikosea. Mwaka na miezi miwili.

Kuendesha nilijifunzia kiwanja cha shule, kabla ya misa ya pili.
Klachi niliiachia kama mtu anayeangusha sahani.
Wanafunzi wangu wa darasa la tano walipanga foleni juu ya ukuta:
"Saba! Mwalimu, hiyo ya saba!"
Ilikuwa ya nane. Moja nilianguka hawajafika.

Jana niliteremka Kadutu peke yangu,
kofia ya kuazima ikinibana masikio,
ziwa likionekana na kupotea kati ya mabati.
Katikati ya mteremko, pale mvua ilipoila barabara,
mwanamke mwenye mkungu wa ndizi alivuka bila kutazama.
Mkono ukabana. Mguu ukakanyaga.
Moto ikasimama.

Yeye hakujua. Alipita mbele ya taa yangu
akiuweka sawa mkungu kichwani, akiongea na simu.
Nami nikabaki pale, miguu yote miwili chini,
injini ikitetemeka mapajani,
lori nyuma yangu likipiga honi na kupiga honi,
nikijaribu kukumbuka
jinsi ya kuondoka.