Kisa Namba Saba

Wiki iliyopita tulikuwa wanane mezani, Upanga,
feni ikigugumia, wino wa bluu ubaoni,
na Kashindye akinipokonya kalamu kabla sijamaliza neno.
Kisa: mama, miaka thelathini na miwili, wa Mbagala.
Miguu imevimba. Usiku halali ila kwa mito mitatu.
"Figo," alisema Kashindye, na meza nzima ikakubali.
Mbele ya sauti ile Tumsifu huinamia daftari,
huchora maua pembezoni.

Leo tumo simuni, vijimraba vinane.
Cha Mwanakombo cheusi: umeme umekatika Tabata.
Mimi nimekaa ngazini, bando likinihesabia pumzi.
Kashindye ameganda, mdomo wazi, katikati ya "fi..."
Kimya.
Halafu, kwa nani sijui, maiki imesahaulika,
mtoto mchanga akalia.

Yakaja maandishi ya Tumsifu, herufi ndogo:
"huyu mama kajifungua lini?"

Wiki nzima tumejadili mkojo wake, chumvi yake, presha yake.
Hakuna aliyeuliza kama kuna mtoto.
Dokta Mbwilo hakusema kitu, alichekea puani.
Tukaanza upya, safari hii moyoni.

Alhamisi, wodini,
Tumsifu alibonyeza kwa kidole gumba mguu wa mama mwingine,
akahesabu hadi tano, akaachia.
Shimo likabaki.
Akalitazama mpaka likajaa,
kisha akamuuliza jina la mwanawe.
Kashindye, nyuma yake, alishika kalamu
na hakuandika.