Umepanda, Umeshuka

Passau, Ottilie mpishi alipakia viazi kwenye tishari
akautazama mto kama mtu atazamavyo wifi yake.
"Donau," alisema. "Mwanamke huyu. Kila Machi anavimba miguu."

Bratislava akapanda Vendelín, mshika usukani:
"Mwanamke? Dunaj ni dume. Huoni mabega?"
Wakabishana mpaka supu ikaungua,
tukaila hivyo hivyo.

Mohács, Piroska wa forodha akagonga mhuri.
Duna, basi.
Lugha yake haiulizi mto umevaa sketi au suruali.

Belgrade, Dunav.
Halafu magenge ya mawe, usiku, hakuna aliyesema kitu.

Brăila, mwalimu mstaafu Ilinca
alikuja na mkokoteni kudai magunia yake ya saruji.
Dunărea, alisema, na Wagiriki wa kale, waliotokea baharini,
waliuita Istros; wameshika mkia,
hawana habari kichwa ni cha nyoka huyo huyo.
Ama hilo jina jingine, ukilichimba hadi mzizi,
wajuzi husema maana yake ni maji yaendayo.
Mto.

Vendelín akacheka hadi akakohoa:
"Kumbe miaka yote tunauita Mto Mto!"

Ottilie alikuwa akisugua sufuria.
"Kwetu hatukuutaja jina," alisema.
"Tulisema: umepanda.
Umeshuka.
Umemchukua Korbinian."

Akaning'iniza kitambaa,
akaenda kulala,
akageuza mto upande wenye baridi.