Deni la Mteremko

Mvua ya jana imenipokonya kiganja kingine.
Huku juu, Rubaya, jembe lakwaruza mwamba;
kule chini viazi vya Tindimwebwa vimenona
kwa udongo wangu.

Nikamwendea: "Nirudishie."
Akacheka, akanipa kikapu.

Mwamba huu ulitafunwa na kuvu, na jua, na mizizi,
tangu babu wa babu yangu hajapewa jina,
ukatoa unga wa kina cha kidole.
Kidole hicho kimeshuka usiku mmoja.

Basi napanda, kikapu kichwani, goti likilalama.
Tone la kwanza lanipiga shingoni.
Anaita kutoka bondeni:
"Mama Kyarisiima! Umepanda vya kutosha,
sasa panda matete ukingoni!
Hata mimi
nina jirani wa chini."